Siku Pole Zilipoziba Nyaya

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kinyonge. Mimi nikiitikia, ng'ombe wa kijiji cha pili wanaamka. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Zamani hizo, wanyama wa Bonde la Mikunazi walikuwa na kompyuta. Kila pango kompyuta, kila kichuguu kompyuta. Nani anacheka? Waya wenyewe nimeushika mimi, mnene kama paja la tembo!

Nyaya zote zilikutana kwenye mti mmoja wa mgunga. Hapo alikaa Kasuku. Akipokea neno kwenye waya mmoja, analipigia kelele kwenye nyaya zote. Krraaa! Fisi kamwandikia shemeji yake, bonde zima limesoma. Na walipenda hivyo. Kwao jirani akipata jambo, lazima umpe pole papo hapo. Usipompa, umemtenga.

Basi siku hiyo Paa akashikwa na uchungu. Mtoto kakaa vibaya tumboni. Akaandika: "Mkunga Nungunungu, njoo, nakufa!"

Krraaa! Likaenda kwa wote.

Na wote wakajibu. Pamoja!

"Pole dada!"

"Pole sana mama!"

"Nikuletee uji?" Huyo Kiboko.

Maneno yakagongana kwenye nyaya. Pwaa! Yakavunjika vipande. Paa anaita tena, pwaa! Anaita tena, pwaa!

Kasuku jasho linamtoka. "Jamani, nyamazeni!"

Nalo hilo likaenda kwa wote. Wote wakajibu, "Sawa!" Pwaa!

Tumbili akarukia mgungani. "Kaka, nipishe." Akashika waya huu kwa mkono, ule kwa mguu, mwingine kwa mkia. Mimi nilimhesabia mikono arobaini! Akakariri: huu wa Paa, ule wa Fisi. Neno likija anauliza, "Wewe wa nani?" Analipeleka kwa mwenyewe tu. Pole za watu akazipanga foleni.

"La Paa linakwenda wapi?" Tumbili akauliza.

"Kwa Mkunga, ng'ambo ya mto," Kasuku akajibu.

"Ng'ambo mimi sikujui. Kenge! Lako hili!"

Kenge alikaa kivukoni, anajua njia za mabonde yote. "Njia ya juu imejaa. Pita huku." Chubwi! Likavuka.

Nungunungu huyo, mbio, miiba shaa, shaa, shaa! Akafika, akamgeuza mtoto taratibu. Meee! Kazaliwa.

Kasuku kaficha kichwa bawani. "Dada Paa, nusura nikuue."

"Wewe ulinihangaikia, kaka yangu. Ndege huko angani hawana waya. Panda juu uwaambie."

Akapanda. "Krraaa! Kazaliwa jike!" Hata tai mawinguni wakasikia.

Basi ndiyo hivyo hata leo. Swichi ya mtandao wa kompyuta ni Tumbili: humpa neno mwenyewe, humo humo ndani. Ruta ni Kenge: hulivusha kwenda mitandao ya nje. Na kile kifaa chenye antena, kinachorusha bila waya, ndiye Kasuku.

Na funzo ni hili: mwenye shida mwachieni njia kwanza, msaada umfikie. Pole zenu zitasubiri.

Hadithi yangu inakomea hapo, na tangu dunia iumbwe haijasimuliwa vizuri hivi.