Pembe ya Kilole

“Pembe husema, haisikii.”

Ndivyo alivyosema shangazi yenu asubuhi, alipomwona baba yenu akituma maagizo ya harusi kwa simu, sauti moja baada ya nyingine, bila kufungua hata jibu moja. Nyinyi mkacheka. Sasa mnaniuliza pembe gani hiyo. Haya, kaeni. Leo nimechoka, lakini hadithi hii haitaki mtu mwenye nguvu nyingi. Aliyetamka maneno hayo kwanza alikuwa amechoka kuliko mimi. Msemo huu ulianza hivi.

Zamani, huku milimani kwetu Upare, palikuwa na kijiji cha Kilole juu ya mlima na kijiji cha Mbaleni ng’ambo ya bonde, chini zaidi. Ndiva ilikuwa Kilole. Ndiva mnaijua, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito ili yateremshwe mashambani kwa mfereji. Maji ya Mbaleni yalitoka huko. Sheria ilikuwa moja kwa wote: ndiva ikibomoka, vijiji vyote viwili huja kuikarabati, na asiyefanya kazi hapati maji.

Zamani hiyo habari zilipelekwa na mjumbe, mzee aliyeitwa Mbonea. Kukiwa na neno, Mbonea alishuka bondeni, akapanda ng’ambo, akalisema, akakaribishwa uji, kisha akarudi na maneno ya Mbaleni: nani amejifungua, ng’ombe wa nani anaumwa, nani anaomba zamu yake ya maji isogezwe mbele. Akienda na neno moja, alirudi na kumi. Magoti yalipomshinda, kisha akafa, hakuna aliyetaka kazi ile. Bonde lile linachosha. Ukishuka, mapaja yanatetemeka. Ukipanda, pumzi inakatika.

Mfumwa wa Kilole wakati huo, yaani mtawala wao, aliitwa Kajiru. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kusubiri. Alinunua pembe ya tandala kwa wawindaji wa nyikani, akampa Senkondo, mwanamume mwenye kifua kipana na uso wenye makovu ya ndui iliyompata utotoni. Wakakubaliana na watu wa Mbaleni: mlio mrefu maana yake njooni ndivani, milio mifupi maana yake maji yamefunguliwa. Senkondo alipopuliza, sauti ilivuka bonde kabla hujafumba jicho. Watu wakafurahi. Wakasema wazee wetu walijitesa bure. Mbaleni hawakuwa na pembe yao, na hakuna aliyeona kwamba ni upungufu.

Ukaja mwaka wa jua kali. Ukuta wa ndiva ukapasuka, maji kidogo yaliyokuwapo yakaanza kuvuja. Kajiru akaamuru pembe ipigwe. Senkondo akapuliza mlio mrefu. Watu wa Kilole wakatoka na majembe, wakaanza kazi, wakitupia macho njia ya bondeni. Hakuna aliyetokea.

Kesho yake pembe ikalia tena, hakuna mtu. Ikalia na siku zilizofuata. Watu wa Kilole walibeba udongo peke yao, njaa tumboni, mikono imechubuka, na uchovu ukageuka kuwa uchungu. Kisha wakaona moshi ukipanda Mbaleni, mzito, mweupe, asubuhi na jioni.

“Tazameni,” akasema Kajiru. “Sisi tunakufa na ndiva, wao wanachoma vichaka wafungue mashamba mapya. Wanangoja tumalize, wanyweshee mazao yao.”

Akaamuru mfereji wa Mbaleni uzibwe. Hakuna aliyempinga. Kilichomuuma zaidi ni kwamba dada yake, Nakiete, alikuwa ameolewa kulekule. Aliona hata damu yake imemdharau.

Bado pembe ilipigwa. Midomo ya Senkondo ilivimba na kupasuka. Siku moja akaitua pembe chini, akamwendea Kajiru.

“Mfumwa, nimechoka kupuliza. Niruhusu nikawaulize.”

“Uwaulize nini? Wamesikia. Kunyamaza kwao ndilo jibu.”

“Huenda ndilo. Lakini nataka nilisikie kwa masikio yangu.”

“Ukienda utaonekana umekwenda kuwabembeleza.”

“Basi nitakuwa nimebembeleza,” akasema Senkondo, akashika njia. Haukuwa ujasiri wa kumpinga mfumwa. Ni vile tu hakuwa na nguvu ya kupuliza tena.

Alipofika Mbaleni hakusikia mchi wala mtoto. Uani kwa watu, majivu ya mioto. Akamkuta Nakiete ameketi kando ya mfereji mkavu, kibuyu kitupu mapajani. Alipomwona, mwanamke akainua mkono.

“Simama hapohapo, Senkondo. Kuna ndui.”

“Mimi ilishanipata. Tazama uso wangu.” Senkondo akasogea, akachuchumaa mbele yake. “Nakiete, hamkuisikia pembe?”

“Tuliisikia. Kila ilipolia tuliisikia. Mume wangu alijaribu kuinuka aitikie, akaanguka mlangoni. Tukasema tuwajibu, lakini kwa kitu gani? Sauti zetu hazifiki. Wenye nguvu kidogo wakakusanya majani mabichi, wakawasha moshi. Tulijua mkiuona mtamtuma mtu aje kuuliza.”

Senkondo akageuka, akayatazama majivu ya mioto uani.

“Moshi tuliwasha,” Nakiete akaendelea, taratibu, kama mtu anayehesabu vitu visivyo vyake. “Halafu maji yakakatika. Tukajua basi, mmetusikia, na hilo ndilo jibu lenu.”

“Hapana, Nakiete. Hatukujua.”

“Mwanangu ana homa. Tangu jana anaita maji.”

Senkondo akachukua kibuyu kile, akashuka hadi kwenye chemchemi ndogo bondeni, akapanda nacho, akawapa yeye na mtoto. Kisha akashika njia ya kurudi Kilole. Mara nyingi alisimama kushika magoti yake.

Aliwakuta watu ndivani, matope hadi viwikoni. Alisimama mbali nao, akaeleza yote. Majembe yakatua chini moja moja.

“Kwa nini hawakusema?” Kajiru akauliza. “Kwa nini hawakusema?”

“Walisema, mfumwa. Tuliuona moshi wao, tukaupa maana yetu. Na wao wakaona maji yamekatika, wakayapa maana yao.”

“Lakini mimi niliwaita! Kila siku nilipiga pembe!”

Senkondo akaketi palepale kwenye udongo, maana miguu haikumbeba tena. Akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa anatunga msemo:

“Pembe husema, haisikii.”

Kajiru akatembea hadi kwenye mdomo wa mfereji, akaanza kuchimbua kizibo cha udongo na migomba kwa mikono yake, mpaka maji yakapita. Waliokuwa wamewahi kuugua ndui wakashuka na uji na vibuyu. Wengine waliachwa nyuma kwa sababu ya maradhi, lakini Kajiru hakukubali kubaki. Alifika hadi ukingo wa mfereji wa Mbaleni, akasimama upande wa pili, maji yakipita kati yake na nyumba ya dada yake.

Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Walikuwa wanatoka kumzika.

“Nakiete,” akaita. “Dada yangu, mimi nilidhani—”

Nakiete akamtazama. Hakulia, hakumtukana. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyebeba mzigo mbali mno, hata akasahau kwamba ni mzito.

“Umekuja,” akasema. “Sasa usiseme kitu. Kaa chini, usikilize.”

Kajiru akaketi kwenye udongo uliolowa. Nakiete akaanza kumweleza, akaanzia siku mtoto alipokataa kula. Alisema mpaka jua likahama upande, na mfumwa yule, aliyezoea kusema akasikika mpaka ng’ambo ya bonde, hakufungua mdomo wake hata mara moja.

Pembe haikutupwa. Mtu akitaka kuita watu wengi upesi, atafanyaje? Lakini tangu mwaka ule, kila ilipolia Kilole, mtu mmoja alishuka bonde akapanda ng’ambo kuuliza, hata kama jua linawaka, hata kama magoti yanamuuma. Wengi waliiona ni kazi ya kuchosha. Ni kweli, inachosha. Kumsikiliza mtu kunachosha kuliko kumwambia.

Ndiyo maana wazee wakimwona mtu anaagiza, anaagiza, na akinyamaziwa anakasirika badala ya kwenda kuuliza, hawabishani naye. Humwambia neno moja tu, kisha humwacha alifikirie:

Pembe husema, haisikii.