Tochi ya Nyongeza

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, hii ya juzi tu tochi zilipoanza kuuzwa kwa mafungu kama nyanya, waliishi huko Upare Nakundwa na mumewe Sekiete, mrina asali. Walikaa na wake watatu wa wana wao: Naetwe, Eliwaza na Mbazi.

Siku ya gulio Mbazi akatumwa tochi. Akakuta za bei chee, zenye taa ndogo ndogo kichwani. Jua lilikuwa kali, basi akajifunika kanga, akawasha moja moja humo ndani. Zikawaka. Lakini chini ya kanga, hata njiti ya kiberiti ni jua! Akachukua tatu, akaomba nyongeza kama mnunuzi wa dagaa, na muuzaji akamrushia ya nne. Hiyo hakuijaribu. Nyumbani wake watatu wakapata zao, na baba mkwe akapata yake.

Nakundwa aliipima mkononi ile ya mumewe. "Rahisi ghali," akasema. Mzee akacheka tu.

Wiki haikuisha, mzee akaingia pango lililo nyuma ya nyumba kufuata asali. Nje mchana kweupe, ndani giza la chungu kilichofunikwa. Huko ndani tochi ikazima. Akateleza, mguu ukabanwa na mawe. Na mlimani mvua ilikwishaanza, na pango lile ndiyo njia ya maji.

Nakundwa alikuwa akimngoja mlangoni mwa pango na kibuyu. Akasikia sauti yake: "Mama watoto, sioni." Miaka arobaini ya ndoa, hajawahi kumsikia akiongea polepole vile. Akaogopa sana.

Wanaume walikuwa bondeni kwenye mpunga, mwendo wa nusu siku. Akawaita wakwe zake. "Atakayenitolea huyu mzee, ndama wangu ni wake," akasema. Na ndama alikuwa mmoja tu.

Naetwe akaleta tochi yake. Taa nzima, betri zimekufa, maana kila jioni alipika kwa mwanga wake. Na kitufe chake kilikuwa kibovu: haiwaki mpaka ukibonyeze muda wote.

Eliwaza akasema hana kitu. Nakundwa akamtazama. Maji yakaanza kulowesha nyayo zao. "Mama, ninayo," Eliwaza akasema mwishowe. "Taa zake zilikufa siku ya pili, nikaificha sandukuni nisichekwe. Betri ni nzima." Akakimbia kuzileta.

Ya Mbazi ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia siku ya tatu tu. Hakuwa na taa wala betri. Akafunga kanga kiunoni, akatia betri za Eliwaza kwenye tochi ya Naetwe, akabana kitufe kwa kidole gumba, akaingia.

Nakundwa alingoja. Maji yakafika magotini. Ndipo mwanga mdogo ukaonekana, nyuma yake Mbazi kambeba mzee mgongoni. Kidole chake kilikuwa kimekakamaa, hakikunyooka mpaka kesho yake.

Hiyo kesho, Nakundwa akasimama uani na kamba ya ndama mkononi.

Naetwe akasema, "Mama, bila taa zangu angeingia na nini?"

Eliwaza akasema, "Taa bila betri ni kopo, mama. Nami nilikubali aibu mbele yenu."

"Ulikubali maji yalipofika miguuni," akasema Naetwe.

Mbazi akasema, "Mimi nilikwenda na roho yangu, mama. Wao walibaki nje."

Naetwe akamgeukia. "Mdogo wangu, hebu tuambie. Kati ya zile nne, ile ya nyongeza ulimpa nani?"

Mbazi akainama. "Baba," akasema. "Nilijua haijajaribiwa. Nikaona mzee atamulikia choo tu."

Nakundwa akamtazama mumewe mguu umefungwa, akakitazama kile kidole kilichovimba. Moyo wake ulimpenda Mbazi, na moyo huo huo ukamchukia, vyote kwa pamoja. Ndama akawa anairamba kamba.

Alivyoamua najua, wala siwaambii. Na msiniletee habari za kugawana, ndama hagawanyiki akiwa hai. Ahadi ni ahadi, na mama yule alikwishaitamka. Haya, kamba iko mikononi mwenu: Naetwe wa taa, Eliwaza wa betri, au Mbazi aliyemtoa mzee pale alipomtia mwenyewe? Je, nani alistahili?