Bega la Kushoto la Meneja Nyani

"Hivi mkono huu ni wa nani?"

Swali hilo Pimbi aliliuliza mchana kweupe, mbele ya timu nzima. Nungunungu alitazama miguu yake. Digidigi alijifanya ana mwiba kwenye kwato. Tuliache hapo kwanza, maana hata hadithi hubisha hodi.

Wenye masikio?

— Tumeyatega!

Wenye migongo inayouma?

— Tumeiegemeza!

Basi msilale. Hata mimi nimechoka.

Palikuwa na timu ya mpira wa gongo huko Mawe Manne. Mchezo wenyewe si mgumu: mmoja anarusha mpira, vuu! Mwingine anaupiga kwa gongo, paa! Kisha anatimka kuyazunguka mawe manne kabla hajakamatwa. Mrushaji alikuwa Pimbi, mdogo wa kuenea kwenye kapu la mayai, mama wa watoto watatu, na nyumba yake juu ya jabali. Meneja alikuwa Nyani, dume zima, kifua mbele, tumbo mbele zaidi.

Nyani hakurusha. Nyani hakupiga. Nyani hakukimbia. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kigoda na kutoa ishara. Akigusa sikio, kimbieni. Akigusa tumbo, kaeni chini. Akigusa bega la kushoto, mrushaji apumzike, aingie mwingine. Na sheria alizitunga mwenyewe, akamkabidhi mwamuzi, Mzee Kobe: ishara ya meneja haihojiwi, na anayetoka uwanjani bila ishara harudi tena.

Sikio liliguswa mpaka likang'aa. Tumbo liliguswa. Bega la kushoto halikuguswa hata na inzi.

Mwaka wa nyuma mrushaji alikuwa Komba. Alirusha mpaka mkono ukalegea kama jani la mgomba lililonyeshewa, akatoka uwanjani analia, bila ishara. Hakurudi. Siku hizi analala kwenye mizizi, yeye aliyezaliwa kuruka matawini.

"Mvivu yule," alisema Nyani, huku akimenya ndizi za timu.

Zamu ikawa ya Pimbi. Akarusha, vuu! Bega likauma. "Tena!" akasema Nyani. Akarusha, vuu! Bega likavimba. "Tena!" Siku tatu Pimbi alipanda jabali lake kwa miguu mitatu. Siku ya nne alishindwa katikati, akateremka, ikabidi jirani awapelekee wanawe majani. Pimbi alibaki chini akiwasikia wakiitana, "Mama mbona haji?"

Kesho yake ndipo aliposema.

"Meneja, bega hili halifai. Kesho tunacheza na Ng'ambo ya Mto. Digidigi anishike mkono, nusu ya mchezo tu."

"Digidigi arushe? Na vijiti vile?" Nyani akacheka hadi kigoda kikalia. "Timu kwanza, Bi Pimbi. Mkono wako ni mkono wa timu."

"Timu ndiyo inayopanda jabali langu?"

"Sasa unaleta siasa."

"Naleta bega, meneja. Hivi mkono huu ni wa nani?"

Hapo mnapajua.

Pimbi hakuliuliza tena. Mchovu habishani mara mbili. Alikwishaelewa kwamba ishara ile haitatoka kwa huruma. Basi itoke kwa njia nyingine.

Asubuhi ya mchezo akaweka kapu la mabungo yaliyoiva nyuma ya kigoda, akalifunika kwa jani pana. Juu ya jani akanyunyiza unga wa upupu, mwepesi kama vumbi la njiani. Kisha akapaza sauti: "Jamani, mabungo haya ni ya wachezaji, baada ya mchezo. Meneja, nakusihi, usiyaguse."

"Mimi? Niguse vya watu?" Nyani akaapa kwa mkia wake.

Mchezo ukaanza. Pimbi akarusha, vuu! Bega likauma. Akarusha, vuu! Nyuma ya kigoda kukasikika nyapu, nyapu, nyapu. Nyani alikula mabungo yote, kisha, ili afute ushahidi, akajipangusa kwa jani lenyewe: mdomo, masikio, tumbo, mpaka mabegani.

Kwaru! Akakuna sikio.

Digidigi akatimka, tiki-tiki-tiki, akayazunguka mawe manne, ingawa hakuna aliyekuwa amepiga mpira.

Kwaru! Akakuna tumbo.

Timu nzima ikakaa chini, puu! Ng'ambo ya Mto wakapiga mpira, paa! wakakimbia wakiwaruka waliokaa.

"Simameni, wehu nyie!" Nyani akafoka, kwaru, sikio tena. Wote wakainuka, wakatawanyika.

"Mnakimbilia wapi?"

"Popote, meneja!" Nungunungu akajibu kwa mbali. "Sikio halikutaja mahali!"

Pimbi aliuokota mpira, akasimama nao mkononi. Hakucheka, hakuwa na nguvu za kucheka. Aliufuatilia muwasho ukipanda: mkono, kiwiko, kwapa. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Bega la kushoto.

Pimbi akauweka mpira chini taratibu, kama alazaye mtoto, akatoka.

"Rudi! Hiyo si ishara! Nawashwa!"

Mzee Kobe akarefusha shingo. "Ishara ya meneja haihojiwi," akasema. "Hata na meneja."

Nyani hakuweza tena kubisha. Akaruka ua wa uwanja, mbio hadi mtoni, chubwi! Kobe akakitazama kigoda kitupu. "Ametoka bila ishara," akasema. "Harudi."

Mawe Manne walifungwa siku ile, kumi na nne kwa mbili. Hakuna aliyelia. Pimbi alipanda jabali, hatua, pumzi, hatua, pumzi, mpaka akawafikia wanawe.

Siku ya tatu Nyani akaja chini ya jabali, mkono umevimba kama fenesi.

"Bi Pimbi, nisaidie hata dawa. Mkono unaniua!"

"Mkono upi?"

"Huu hapa!"

"Aa, huo ni wa timu, meneja. Ngoja nikawaulize."

Akaenda kuwauliza. Mpaka leo anauliza.

Hadithi nimeitua; anayeitaka ajitwike, aliyesinzia tumsamehe. Na funzo lake, wanangu, ni utiifu. Mumtii meneja wenu. Mtii kila ishara, msihoji hata moja, mtii mpaka akome.

Sasa wewe uliye karibu na mtungi, nichotee maji. Bega langu haliinuki.