Mwaka Uliofumuliwa

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu waliokuja kusikiliza, au waliokuja kukwepa kazi za nyumbani? Paukwa.

Pakawa.

Sasa nimewasikia. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na anayetaka kucheka atangoja siku nyingine. Ni hadithi ya Bi Mbodze. Bibi yangu alipoisimulia alikuwa akiacha kazi ya mikono, na mimi pia nitaiacha.

Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa kusuka mikeka. Wanawake waliketi uani, miyaa ya mkindu magotini, vidole vikienda chwa, chwa, chwa, kutwa nzima. Mnajua mkeka unavyopatikana. Kwanza husukwa ukili, ule utepe mrefu mwembamba. Kisha ukili hushonwa kwa ukili mwingine, ubavu kwa ubavu, mpaka upate pa kulala.

Katika kijiji hicho kila mwanamke alikuwa na mkeka mmoja usiouzwa. Uliitwa mkeka wa miaka. Msichana akishapata akili, husuka ukili wake wa kwanza. Kila mavuno yakiisha, huongeza ukili mmoja. Mwaka wa utulivu, miyaa haitiwi rangi, hubaki myeupe. Mwaka wa furaha, hutiwa nyekundu. Mwaka wa msiba, nyeusi. Mwanamke akizaa, mtoto hulazwa juu ya mkeka huo siku ya kupewa jina, na wanawake huupapasa ukili mmoja mmoja, wakiitaja miaka kwa sauti. Akifa, miaka hutajwa mara ya mwisho, kisha huzikwa na mkeka huo. Aliyetajwa humo alijulikana kwamba aliishi.

Basi palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Nyamvula, mke wa Chengo. Alizaa mtoto wa kike, akaitwa Kadzo. Kadzo alikaa duniani miezi minane. Aliota meno mawili. Akapata homa na kikohozi, akafa. Mavuno yalipoisha, Nyamvula alisuka ukili mweusi tititi, akaushona kwenye mkeka wake. Alipoutazama hakuweza kupumua. Akaukunja mkeka, akaufunua, akaukunja tena.

Siku moja Chengo akiwa shambani, Nyamvula alichukua kisu. Krr, krr, krr. Akakata uzi, akautoa ule ukili, akautia motoni. Kisha akaishona ile miaka miwili ya pembeni, huu kwa huu, kana kwamba hakukuwa na kitu katikati. Aliona ameshakuwa mwanamke mwingine, ambaye jambo lile halikumpata.

Miaka mitatu ikapita. Akazaa tena, mtoto wa kike. Siku ya jina ikafika, mkeka ukatandikwa uani, na mkeka ukakataa kulala. Ulivimba katikati. Waliubonyeza huku, ukainuka kule. Mtoto akalazwa hivyo hivyo, na wanawake wakaanza kupapasa.

"Mwaka wa nzige."

"Mwaka wa nzige," wakaitikia.

"Mwaka wa harusi ya Nyamvula."

"Mwaka wa harusi."

"Mwaka wa..." Mkono ukasimama. Ukarudi nyuma, ukapapasa tena. Ukili uliofuata ulikuwa wa mwaka wa mvua kubwa. Wanawake wakatazamana.

"Endeleeni," Nyamvula akasema.

"Hapana mwaka hapa," akasema Bi Dama, mamavyaa yake, mama wa Chengo. Huyu Bi Dama ndiye aliyekuwa akijua dawa za watoto pale kijijini. "Mwaka mmoja haupo."

Mila yao ilikuwa nzito. Mtoto hapewi jina juu ya mkeka uliopungukiwa. Wazee wakakaa, wakatoa neno: Nyamvula apewe siku kumi, mpaka mwezi uandame. Mkeka usipotimia, mtoto atapewa jina juu ya mkeka wa Bi Dama, na atahesabiwa mtoto wa Bi Dama. Nyamvula atamnyonyesha tu. Chengo alisikia neno hilo akainamisha kichwa, maana lilimuuma.

Nyamvula akaenda kwa Bi Mbodze. Bi Mbodze alikuwa ndiye mkubwa wa wasukaji wote, mwanamke mwembamba, macho makavu, asiyependa maneno mengi. Alimkuta anachana miyaa.

"Bibi, nisaidie nisuke ukili mwingine. Mweupe. Niuweke palepale, hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nimeshasahau, Bibi."

"Vizuri. Yule mtoto wa kwanza aliitwa nani?"

Nyamvula akafungua mdomo. Jina halikutoka.

"Njoo kesho asubuhi," akasema Bi Mbodze. "Njoo na mtoto. Miyaa usije nayo."

Asubuhi akaenda. Bi Mbodze akamketisha chini, mgongo wima, kiganja kimoja tumboni, kimoja kifuani.

"Vuta pumzi. Iache itoke."

Fuuu.

"Kimekuja nini?"

"Hakuna kitu."

"Vuta tena."

Fuuu.

"Kimekuja nini?"

"Hasira."

"Iko wapi?"

"Hapa, kooni."

"Usiifukuze. Usiifuate. Ikaribishe, ikae."

Nyamvula akainuka, akambeba mtoto, akaondoka bila kuaga. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu hakuja. Bi Mbodze hakumtuma mtu amwite. Siku ya nne akaja mwenyewe, uso umemvimba.

"Bibi, mambo haya umeyatoa wapi? Mama yangu hakunifundisha kukaa na hasira. Alinifundisha kunawa uso."

Basi Bi Mbodze akamwambia. Alipokuwa msichana alikwenda na baba yake mji wa pwani kuuza mikeka. Baba akaugua, wakakwama huko masika mazima. Nyuma ya ghala walikolala aliishi mzee mmoja kutoka Bara Hindi, aliyekuwa akiketi kila asubuhi na kupumua, kimya. Msichana alimpelekea maji, na mzee akamfundisha.

"Aliniambia elimu yake inaitwa tantra," akasema Bi Mbodze. "Akaniambia neno hilo kwao ni zile nyuzi anazotandaza mfumaji kabla ya kufuma. Mimi ni mtoto wa wasukaji, nikamwelewa upesi. Wako watu huko kwao wanaomtafuta Mungu kwa kuukimbia mwili na kuikimbia dunia. Yeye alisema hakuna pa kukimbilia. Mungu amejaa humu humu, katika pumzi, katika maziwa, katika usaha wa kidonda. Ukitoa uzi usioupenda, hujaitakasa nguo. Umeitoboa."

"Na ubaya nilioufanya mimi?"

"Sijui ulifanya nini. Keti."

Akaketi. Fuuu. Hasira ikaja, ikakaa. Siku ya tano, fuuu, ikaja aibu, ikakaa chini ya hasira. Siku ya sita alilia kutwa, mtoto akalia naye, na Bi Mbodze akapika uji wakanywa wote watatu, yaani mtoto kwa njia ya mama yake. Siku ya saba Nyamvula akasema bila kuulizwa.

"Tulikuwa tumegombana, mimi na Bi Dama. Tuligombania ndoo ya maji, Bibi. Ndoo. Kadzo akashikwa na homa. Dawa iko nyumba ya pili, na mimi nikasema siendi kumpigia magoti. Siku ya kwanza sikwenda. Siku ya pili sikwenda. Siku ya tatu nilipomnyanyua alikuwa ameshapoa."

Alingoja. Alitaka kusikia yale tunayoambiana misibani, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba si kosa lako. Mimi mwenyewe ningemwambia hivyo. Bi Mbodze hakumwambia.

"Ndiyo," akasema. "Ulifanya hivyo."

Nyamvula akajifuta uso, na Bi Mbodze akaendelea.

"Na aliyefanya hivyo ndiye huyu anayepumua hapa. Hakuna mwingine. Ulimpenda Kadzo?"

"Nilimpenda. Wallahi nilimpenda."

"Kiburi kiko kifuani humo. Mapenzi yako humo. Weka kiganja. Kifua kimepasuka?"

Nyamvula akaweka kiganja. Akavuta pumzi. Fuuu. Akavuta tena.

"Hakijapasuka," akasema.

"Basi kinavibeba vyote viwili. Kilivibeba siku zote. Kilichokuchosha ni kukaa unakataa."

Hapo ndipo alipoomba miyaa. Akauliza atumie rangi gani. Bi Mbodze akamuuliza mwaka ule ulikuwaje, na Nyamvula akakumbuka mambo ambayo yeye mwenyewe aliyashangaa. Kwamba Kadzo alizaliwa mchana wa jua kali, na kila mtu akafurahi. Kwamba alikuwa akicheka akisikia kuku. Kwamba kulikuwa na siku nyingi za kawaida tu, za kunyonya na kulala. Ukili ule wa kwanza ulikuwa mweusi wote, kumbe nao haukusema kweli. Akasuka upya. Chwa, chwa, chwa. Nyekundu, nyeupe nyingi, nyeusi mwishoni, nyeusi ya kweli isiyochujuka. Akaufumua mshono wa katikati, akautia ukili mahali pake. Mkeka ukalala chini.

Mwezi ukaandama. Watu wakakusanyika uani. Mtoto akalazwa. Wanawake wakapapasa.

"Mwaka wa nzige."

"Mwaka wa nzige."

"Mwaka wa harusi ya Nyamvula."

"Mwaka wa harusi."

Mkono ukafika kwenye ukili mpya, ukasimama, maana hakuna aliyejua autaje vipi. Nyamvula akapiga magoti, akauweka mkono wake mwenyewe.

"Huu ni mwaka wa Kadzo," akasema. "Alizaliwa, akacheka, akaota meno mawili. Akaugua. Nilikuwa na kiburi, sikumpeleka kutibiwa. Akafa. Mimi ni mama yake."

Hakuna aliyeitikia. Walikuwa wamezoea kuitikia mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mambo yanayotoka nje. Hawakuwahi kusikia mtu akijitaja mwenyewe.

Kisha Bi Dama akasema, "Mwaka wa Kadzo." Akaja mbele, akaketi kwa shida, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. "Nilikuwa nyumba ya pili. Nilimsikia akikohoa. Siku mbili nilimsikia. Dawa ilikuwa jikoni kwangu, imeshachemka. Nilingoja aje aniombe." Akautazama ule ukili. "Katika mkeka wangu mwaka huo ni mweupe. Nilisuka kama mwaka wa utulivu, na hapana mtu aliyeniuliza."

Chengo akaondoka uani, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Msimlaumu. Alikuwa amempoteza mtoto kati ya wanawake wawili anaowapenda, na ndiyo kwanza anasikia.

Bi Mbodze alimtazama Nyamvula tu.

Nyamvula hakumkumbatia mamavyaa yake. Bibi yangu alikuwa akilisisitiza hilo, hakumkumbatia. Alivuta pumzi kumi, mnaweza kuzihesabu. Halafu akamnyanyua mtoto kutoka mkekani, akamweka mikononi mwa Bi Dama.

"Mshike wewe, Mama," akasema, "wakati anapewa jina."

Miaka iliyobaki ikatajwa. Mtoto akaitwa Sidi, mtoto wa Nyamvula, mdogo wake Kadzo. Na mavuno yaliyofuata Bi Dama alionekana uani kwake na kisu na miyaa myeusi, akifumua peke yake, na hakuna aliyemkatiza.

Bi Mbodze aliishi mavuno mengine manne. Siku alipozikwa, miaka yake ilitajwa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na mingi haikuwa ya kujivunia, maana aliisuka jinsi ilivyokuwa.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaonisikiliza. Usijitafutie mwili mwingine wa kuishi wala jana nyingine. Huo ulio nao ndio aliokupa Mungu upumulie. Lililo baya ndani yako litaje, likae pamoja na lililo jema, kisha usuke mwaka unaofuata.

Hadithi yangu nimeitandika, nanyi mmeiona yote. Sina nilichokificha.