Wamevuka!

Hapo zamani, si ile ya babu, hii ya juzijuzi tu, palikuwa na soko kando ya daraja la mpakani. Wanunuzi walitoka ng'ambo. Bukuru, mwenye sauti kuliko wote, alikuwa anapanda juu ya magunia ya chumvi, akiwaona tu anapaza sauti: "Wamevuka!" Basi hapo akina mama wanafunua vikapu, mafundi wanakanyaga cherehani, soko linachemka.

Vita vikaingia ng'ambo. Huku hapakulia hata risasi moja, lakini wanunuzi wakaacha kuja, viazi vikaoza, cherehani zikanyamaza, na shule iliyokuwa ikiezekwa kwa ushuru wa soko ikabaki na bati nusu.

Siku moja ya soko, wanunuzi hao! Na mbuzi wao, na madumu ya kununulia mafuta. Furaha ikampanda Bukuru: "Wamevuka! Wamevuka!"

Nyamizi, muuza uji, akadhani ni askari wa ng'ambo waliovuka. Akamkaza mtoto mgongoni, sufuria akaipiga teke, mbio! Soko zima nyuma yake. Rusimbi, mwenyekiti wa soko, akashusha mti wa kizuizi darajani, akatia kufuli.

Wageni wakaduwaa katikati ya daraja. "Kumbe na huku kuna vita!" Wakageuka, wakaenda kusimama mwisho wa daraja, upande wao.

Ukweli ulipojulikana kwamba ni wanunuzi tu, watu wakakubaliana: aende mmoja tu akawaite, kundi litawatisha. Wakiitwa watarudi, hilo hakuna aliyelibishia. Lakini ng'ambo ni kwenye bunduki. Aende nani?

"Bukuru," Rusimbi akasema, "mdomo wako ndio uliotufikisha hapa."

"Neno ni lile lile la siku zote, Mwenyekiti! Kosa langu kufurahi? Aliyekimbia wa kwanza ni Nyamizi."

"Nina mtoto mgongoni, shemeji, ningesimama niulize wamevuka akina nani, halafu wakiwa na bunduki niwakaribishe uji? Nimekimbia na miguu yangu, sikumshika mtu mkono! Aliyewafungia wageni ni Mwenyekiti."

"Na wangekuwa askari kweli, nani angenilaumu kwa kufunga?"

"Ungechungulia basi!" Bukuru akamcheka. "Umefunga umefumba macho!"

Kicheko kikalipuka, hata Nyamizi akacheka. Rusimbi akafungua kufuli, akainua mti. Njia ikawa nyeupe. Kule mwisho wa daraja, mbuzi walikuwa wameanza kuswagwa kurudi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni upesi, wageni wanaondoka: nani avuke?