Mazoezi ya Mazishi ya Jumbe

Jumbe Mwinyikondo alipiga marufuku michezo kijijini mwake: atakayeonekana akicheza, atalima shamba la Jumbe siku saba. Asubuhi ya kwanza akaletewa Sikudhani, mwanamke aliyekutwa akishindana mbio na bata, kinyumenyume.

"Ulikuwa unacheza!" Jumbe alifoka.

"Nithubutu wapi? Mimi ni mtani wako, Jumbe. Siku ukifa, ni mimi nitakayeigiza mwendo wako na kulala kaburini mwako mpaka wafiwa wanipe kuku. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mwendo wangu ndio huo?"

"Ndiyo maana nahitaji mazoezi. Tena nahitaji na maiti."

Jumbe aliogopa kuzikwa kimyakimya kama mtu asiye na watani. Akajilaza mkekani katikati ya uwanja, akafunikwa shuka. Sikudhani akavaa kanzu ya Jumbe ya sikukuu, akatembea kwa maringo, akamfokea bata. Kijiji kizima kikaja kucheka. Chini ya shuka, maiti nayo ikatikisika kwa kicheko.

"Basi, yatosha!" Jumbe aliinuka akifuta machozi. "Lakini kulima kuko palepale."

"Nitalima. Niambie tu, watu wote wasikie: pale mkekani ulikuwa unacheza, au ulikuwa umekufa? Kama ulikuwa unacheza, jembe lile pale. Kama ulikuwa umekufa, amri yako nayo imekufa."

Jumbe akalitazama jembe, akalitazama jua. Kisha akajilaza tena, akavuta shuka mpaka usoni.