Kamba Moja ya Nguchiro

Zamani za kale sana, wajukuu zangu, wanyama walikuwa na uwanja mmoja wa kuanikia makopa ya muhogo. Mlinzi wake alikuwa Tembo. Ukija na muhogo wako, anakuonyesha pa kutandika jamvi. Ukimaliza, unakunja, mwenzio anaingia.

Lakini wakubwa hawakunji! Nyati alikuwa na jamvi mlangoni, jingine uani, jingine nyuma ya kichuguu. Fisi naye vivyo hivyo. Makopa yao yalishaingia ghalani, majamvi yamebaki matupu, yanashika nafasi tu. Tembo akitoa hili, anasahau lile. Uwanja umejaa na hauna kitu, kama simu ya mama yenu inavyojaa mpaka inagoma.

Bi Kobe alikaa nje na kapu lake. "Wingu lile linakuja, mjukuu wangu," akamwambia jirani yake, Nguchiro. "Haya yakioza, wanangu watakula nini masika?"

"Usilie, bibi. Niachie mimi!"

Nguchiro huyoo, mbio mpaka kwa Tembo. "Mzee, ya nini kukumbuka jamvi mojamoja? Kumbuka nyumba! Kila nyumba kamba moja, majamvi yake yote yafungwe hapo. Nyumba ikimaliza kuanika, unavuta mara moja, yote yanatoka."

"Lahaula! Kichwa changu kitapumua," akasema Tembo.

Kisha Nguchiro akawaendea wakubwa. "Mmesikia? Mwenye majamvi mengi kambani ndiye atakayekaa mbele kwenye karamu ya Tembo."

"Mbele wapi? Karibu na nyama?" Fisi akauliza, mate chururu.

"Wewe na harufu hiyo? Utakaa nyuma!" Nyati akamkata. "Mengi ninayo mimi."

Basi wakafunga, wakafunga, hata yale waliyokuwa wameyasahau wenyewe.

Bi Kobe akaja anajikokota. "Nguchiro, ngoja nikwambie. Mke wa Nyati ame..."

"Baadaye, bibi! Leo utachagua pa kuanika mwenyewe!"

Akasimama mlangoni. "Nyati, muhogo wako uko wapi?"

"Ghalani, zamani!"

"Wewe Fisi?"

"Ghalani!"

"Mzee, umewasikia. Wamemaliza. Vuta!"

Tembo akakaza mkonga. Vuuup! Majamvi yakaruka kama kunguru waliofukuzwa. Nyati mdomo wazi. Fisi anauliza, "Na nyama je?" Nguchiro alicheka mpaka akakaa chini.

Mara, nyuma ya kichuguu: "Mamaaa! Makopa yangu!"

Asubuhi ile mke wa Nyati alikuwa amemwonea huruma Bi Kobe, akamwazima jamvi, kwa mdomo tu, kama majirani wanavyoazimana. Kamba ingejuaje? Ilimjua mwenye jamvi, haikumjua aliyeanika juu yake. Makopa yote yalikuwa yametapakaa vumbini.

Nguchiro akaokota kopa, akalipangusa kifuani. Akaokota jingine. Tone la mvua likaanguka, to! Halafu mengine. Uwanja ulikuwa mpana, mtupu, na hapakuwa na cha kuanika.

"Nilifanya kwa ajili yako, bibi."

"Najua, mjukuu wangu. Ndiyo maana nilikuwa nakuita."

Basi wajukuu zangu, kabla hujavuta kamba ya kumsaidia mtu, msikilize kwanza mtu mwenyewe.